Msitu Haupimwi kwa Miti Mikubwa Pekee

Mwaka 2001 Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha matokeo ya utafiti wao katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ambayo kwa maoni yangu kila anayepanga mipango ya uhifadhi katika ukanda wetu angepaswa kuyafahamu. Walihesabu miche na miti michanga ya spishi 31 ambazo mbegu zake husambazwa na ndege na wanyama, wakalinganisha msitu mkubwa ambao bado umeungana, vipande vikubwa vya kuanzia hekta 30, na vipande vidogo visivyozidi hekta 9 vilivyobaki katikati ya mashamba. Katika msitu mkubwa na vile vipande vikubwa, chipukizi walikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa vipande vidogo. Walipozitenga spishi 10 ambazo hazipatikani mahali pengine duniani isipokuwa katika milima hii, tofauti ilipanda hadi mara 40. Spishi nane za ndani ya msitu ambazo mbegu zake hupeperushwa na upepo au huanguka tu chini ya mti hazikuathiriwa na kukatwakatwa kwa msitu.

Uzito wa matokeo hayo hauko katika tarakimu peke yake, uko pia katika tabaka la msitu lililochunguzwa. Mtu ambaye angeingia katika vipande vile vidogo na utepe wake, akapima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na kuendelea kama ilivyo desturi, angeweza kabisa kuikuta miti mizazi ingali imesimama, minene na yenye majani mabichi, akaandika katika fomu yake kwamba spishi hizo zipo. Naye hangekuwa amesema uongo. Ila angekuwa amefanya sensa ya kijiji kwa kuhesabu wazee peke yao, kisha akaondoka akiwa ameridhika kwamba kijiji kina watu. Utafiti mwingine wa wawili hao, uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu mti mdogo uitwao Leptonychia usambarensis, ulifuatilia tatizo hilo hatua kwa hatua: katika vipande vidogo ndege wanaokula matunda yake walikuwa wachache au hawakuwapo, mbegu chache zaidi zilichukuliwa, nyingi zikaanguka palepale chini ya mama yao, na miche iliyoota mbali na mama ikapungua. Mti mzima hauonyeshi dalili yoyote ya jambo hilo, na unaweza kuishi miaka mingi sana bila kuionyesha.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tunapopima anuwai ya mimea katika misitu yetu ya kitropiki, tunapima kwa uangalifu mkubwa zaidi tabaka linaloeleza yaliyokwisha kutokea, na kwa uzembe tabaka linaloeleza yatakayotokea. Miti iliyo kileleni leo, yaani ile mirefu inayoufunika msitu kwa juu, iliota chini ya hali ambayo huenda haipo tena, kwa maana ya ukubwa wa msitu, wingi wa ndege, unyevu na amani iliyokuwapo kabla ya shoka na barabara. Maotea yaliyo chini yake, kwa maana ya miche na miti michanga iliyoota yenyewe, yameota chini ya hali ya sasa. Anayetaka kujua kama msitu huu utakuwa bado msitu huu baada ya miaka 100 hana budi kuinama na kuangalia chini.

Tuanze na kipimo kikubwa kuliko vyote tulivyonacho Tanzania Bara. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, inayojulikana kwa kifupi chake cha NAFORMA na ambayo ripoti yake kuu ilitolewa mwaka 2015, ilipima zaidi ya ploti 30,000, yaani vipande vidogo vya ardhi vilivyochaguliwa kupimwa, nchi nzima na kutueleza kwamba tuna hekta milioni 48.1 za misitu ya aina zote. Ni kazi kubwa na ya kujivunia, na kabla yake tulikuwa tukijadili misitu yetu kwa makisio. Kila ploti ilikuwa na maduara manne yenye kitovu kimoja. Katika duara la nje, lenye nusu kipenyo cha mita 15, ilipimwa miti yenye kipenyo cha sentimita 20 na kuendelea; katika duara la mita 10, ile ya kuanzia sentimita 10; katika duara la mita 5, ile ya kuanzia sentimita 5; na katika duara la ndani kabisa, lenye nusu kipenyo cha mita 1 tu, ndimo vilimopimwa vijiti vya kuanzia sentimita 1. Ukipiga hesabu, duara la nje lina eneo la mita za mraba 707 hivi, na la ndani lina mita za mraba 3.14. Kwa kila mita moja ya mraba aliyopewa mti mchanga, mti mkubwa amepewa 225.

Mpangilio huo una sababu zake, na sababu hizo ni nzuri kwa lengo lililokusudiwa. Vijiti ni vingi, kuvipima vyote katika duara kubwa kungekula siku nzima, na aliyetaka kujua ujazo wa mbao au uzito wa kaboni hapotezi kitu kikubwa akivipunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya mbao na kaboni imo katika miti minene. Lakini tuangalie inakuwaje tunapozitumia takwimu hizohizo kuulizia urithi wa spishi. Tuseme mti fulani una miche mikubwa 200 kwa hekta, hali ambayo si mbaya hata kidogo. Katika mita za mraba 3.14 tutatarajia kukuta 0.06 ya mche. Yaani itabidi tupime ploti 16 ndipo tutarajie kuuona mmoja. Kwa spishi ambayo ni adimu kwa asili yake, na nyingi za Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Usambara ni sehemu yake, ni adimu kwa asili yake, sifuri iliyoandikwa katika fomu haina maana yoyote. Inaweza kuwa mti hauzai tena, na inaweza kuwa duara lilikuwa dogo. Fomu haiwezi kututenganishia mambo hayo mawili, na mpanga sera anayeisoma akiwa ofisini Dodoma hawezi pia.

Baada ya kupima huja kukokotoa, na hapo pana mtego mwingine ambao wanafunzi wetu wa misitu na ikolojia huingia kila mwaka bila kuonywa vya kutosha. Karibu kila tasnifu ya uchunguzi wa mimea hutoa kipeo cha Shannon, namba moja inayounganisha wingi wa spishi na ulingano wa idadi zake. Chukua ploti yenye miti 100 ya spishi 10, kila spishi miti 10: kipeo chake ni 2.30. Sasa ng'oa spishi tano za asili ya Usambara, uweke mahali pake mpera, mwerezi wa kigeni wa Cedrela, na mingine mitatu iliyotoroka katika bustani, kila mmoja miti 10. Kipeo kinabaki 2.30 ileile. Ukiziacha zile tano za asili na kuongeza tano za kigeni, kipeo kinapanda, na mwandishi asiye mwangalifu ataandika kwamba anuwai imeimarika. Hesabu ya Shannon haijui jina la mti, haijui ulikotoka, wala haijui kwamba mmoja unapatikana katika safu moja ya milima duniani kote na mwingine umejaa kila pembe ya tropiki. Msitu uliovurugwa kidogo hupata spishi za jua juu ya zile za kivuli zilizokwisha kuwamo, kwa hiyo kwa muda fulani namba yake huwa nzuri kuliko ya msitu uliotulia. Kwa sababu hiyo siamini ripoti yoyote ya msitu inayonipa kipeo bila kunipa orodha ya majina, na siamini orodha ya majina isiyotenganisha miti mikubwa na michanga.

Orodha hiyo haipatikani kirahisi, na ni vyema msomaji ambaye hajawahi kuingia katika ploti ya maotea aone kazi yenyewe ilivyo. Kamba hufungwa pembe nne, kwa kawaida ndani ya ploti kubwa zaidi, na watu wawili hupiga magoti. Mmoja anashika kila kijiti kwa zamu, anafunika jani kwa kiganja, analigeuza kuangalia mgongo wake, analisugua na kulinusa, anavunja kikonyo aone kama kinatoa utomvu na wa rangi gani. Mwingine anaandika: jina, urefu, kipenyo kama kimefikia kiwango, na kama mche umetokana na mbegu au umechipua katika mzizi au kisiki. Mtu mzima anayetambua miti mikubwa kwa gome lake anaweza kushindwa kabisa hapa, kwa sababu mche mara nyingi haufanani na mzazi wake. Mvule ni mfano mzuri. Majani ya mche wake yana meno pembeni na yanakwaruza kwa vinyweleo, na ya mti mzima yana kingo zilizonyooka. Asiyejua atauandika mvule kuwa miti miwili tofauti, na anuwai itaongezeka kwa makosa ya kalamu. Mtambara, mti mkubwa wa Usambara ulio katika ukoo mmoja na kungumanga wa Unguja, hujitambulisha ukiukata gome na kutokwa na utomvu mwekundu, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayeukatakata mche wa unene wa penseli ili kujua jina lake. Inabaki kumtegemea anayeujua kwa jani.

Anayeujua kwa jani, mara nyingi, ni mzee wa kijiji cha jirani aliyezaliwa kandokando ya msitu, anayetaja jina la Kisambaa kabla mtafiti hajafungua kitabu. Nimewaona wazee wa namna hiyo wakitambua mche wenye majani mawili tu, na nimewaona pia wakikataa kutaja jina pale walipokuwa na shaka, jambo ambalo vijana wenye shahada hulifanya kwa nadra. Tulichofanya sisi na elimu hiyo ni cha kusikitisha. Mzee huyo huorodheshwa katika bajeti ya utafiti kama kibarua wa siku, pamoja na wabeba mizigo. Ripoti ikitoka, jina lake halimo, au limo katika shukrani kwa herufi ndogo. Akifariki, hakuna aliyeandaliwa kushika nafasi yake. Amani, huko Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa kilimo na mimea, ikakusanya sampuli zilizokaushwa kutoka Afrika Mashariki yote, na mkusanyiko huo ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Lushoto na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna hazina nyingine za sampuli. Hata hivyo, hazina za namna hii zimejaa matawi yenye maua na matunda, kwa kuwa wakusanyaji wa mimea hufuata maua, na mche hauna maua. Kitabu cha picha na sampuli za miche ya misitu yetu ya milimani, kilichoandikwa pamoja na wazee hao na chenye majina yao, kingetusaidia kuliko mashine nyingi tunazoagiza.

Mfano unaonivutia zaidi katika jambo hili ni mhesi. Huu ni mti wa asili wa ukanda wa Ziwa Victoria hadi Afrika Magharibi. Uganda wanauita musizi na ni mti wao wa heshima. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye ukapandwa kwa wingi, ikiwamo katika maeneo yaliyokatwa mbao, kwa sababu hukua haraka na kuziba mapengo. Huzaa matunda mengi ukiwa bado kijana, na hondohondo wakubwa wenye mashavu ya rangi ya fedha huyapenda, huyameza na kuzidondosha mbegu kilomita kadhaa ndani ya msitu ambao hakuna aliyepanda kitu. Kufikia miaka ya 1980, ukataji wa mbao kwa mashine uliposimamishwa Usambara Mashariki baada ya malalamiko ya wanasayansi na wananchi, mhesi ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya kawaida ya mandhari, na wataalamu, akiwamo Alan Hamilton na Pierre Binggeli, walionya kwamba ungeweza kuubadilisha msitu wenyewe.

Je, onyo hilo limetimia? Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu mihesi mikubwa. Mhesi mkubwa unatuambia kwamba miaka 40 au 60 iliyopita hapa palikuwa na pengo na hondohondo alipita. Jibu liko chini ya mhesi huo. Miche yake huchipua kwa wingi, lakini ni mti unaotaka mwanga, na kivulini mingi hufa kabla ya kufika magotini. Kwa hiyo mahali ambapo chini ya mihesi mizee panainuka miti ya asili kama msambu, mnyasa na mtambara yenye urefu wa mita mbili tatu, mhesi umekuwa mlezi bila kukusudia, na mwenye busara atauacha ufe kwa uzee wake. Kuukata kutafungua mwanga na kuirudisha miche ya mhesi mwenzake. Mahali ambapo chini yake kuna mhesi mtupu, au kuna zulia la Clidemia hirta, kichaka kilichotoroka katika bustani ya Amani kwenyewe na kuingia msituni, hapo mtu lazima aingilie kati. Hatua mbili zinazopingana kabisa, zote sahihi, kila moja mahali pake, na kinachozitenganisha ni daftari la maotea peke yake. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000. Huwezi kuisimamia kwa kauli moja kwamba mhesi ni mbaya au si mbaya.

Nimeutaja msambu, nao una lake. Mbegu zake, zinazokamuliwa mafuta ambayo huganda na yanayotafutwa na viwanda, ni kubwa na nzito, na huchukua muda mrefu sana kuota, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Panya buku huzibeba na kuzifukia, akila nyingi na kusahau chache. Zilipoanza kununuliwa kwa kilo, wananchi wengi wa Usambara walipata kipato halali bila kukata mti, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mti ambao kila tunda lake linaokotwa hauwezi kuacha mche, na tena hautaonyesha dalili yoyote kileleni. Kiwango cha matunda kinachofaa kuachwa chini ya kila mti hakitajulikana kwa kukisia. Kitajulikana kwa kupima miche ya msambu mwaka hadi mwaka katika maeneo yanayookotwa sana na yanayookotwa kidogo.

Ni kweli kwamba maotea nayo hupotosha asiyeyajua. Katika vitabu vya misitu kuna mchoro unaopendwa, unaoonyesha miti midogo ikiwa mingi mno na idadi ikishuka kwa kasi kadiri unene unavyoongezeka. Spishi yenye mchoro huo husemwa kuwa na afya, na isiyo nao husemwa kuwa inakufa. Ukweli una matawi zaidi. Mvule, unaotaka mwanga, hauwezi kuwa na miche mingi chini ya kivuli kizito hata pale ulipo salama. Huotea mapengo, na unatakiwa kutafutwa huko. Mkulo wa Usambara Magharibi na Kilimanjaro, mti wa kafuri ulioliwa na misumeno tangu enzi za ukoloni, huzaa mbegu ambazo nyingi huharibiwa na wadudu, na hujirudisha zaidi kwa machipukizi ya mizizi. Ukihesabu vijiti vyake bila kuangalia vilikotoka utaona kizazi kipya kikubwa, ilhali kwa sehemu kubwa ni miti ileile ya zamani ikijirudia, bila mchanganyiko mpya wa mbegu. Na katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, kuna maeneo makubwa ambayo mti mmoja, mbau, umetawala kilele, na miche yake inayovumilia kivuli imetandaa chini ya mama zao. Huko tangu mwaka 1994 kuna ploti nne za hekta 10 kila moja katika Hifadhi ya Okapi, mbili katika msitu wa mchanganyiko huko Edoro na mbili katika msitu wa mbau huko Lenda, ambamo kila shina la kuanzia sentimita 1 limepimwa na kupewa namba. Uchache wa spishi kileleni huko Lenda si jeraha. Ni tabia ya msitu huo. Anayeupima kwa kipeo cha Shannon na kuupa alama ya chini hajauelewa.

Kwa hiyo kupima mara moja hakutoshi, hata kama duara ni kubwa na majina ni sahihi. Mche wa sentimita 3 uliosimama kivulini unaweza kuwa na miongo kadhaa ya umri, ukisubiri. Au unaweza kuwa umeota juzijuzi pengoni na kukimbilia juu. Kwa macho havitofautiani sana. Kinachovitofautisha ni kurudi. Katika msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, mtaalamu wa misitu William Eggeling aliweka ploti zake miaka ya 1930 na 1940, akazipanga kifikra kutoka msitu mchanga hadi msitu mzee wa muhimbi, na mwaka 1947 akachapisha hadithi ya jinsi msitu mmoja unavyogeuka kuwa mwingine. Hadithi hiyo iliingia katika nadharia kubwa za ikolojia. Joseph Connell aliitegemea mwaka 1978 alipodai kwamba anuwai huwa kubwa zaidi pale usumbufu unapokuwa wa wastani. Lakini Eggeling alikuwa ameweka kando kwa kando maeneo tofauti na kuyasoma kana kwamba ni umri tofauti wa mahali pamoja. Iliwezekana kuipima hadithi yake dhidi ya miti yenyewe kwa sababu tu ploti kadhaa zilitunzwa, kumbukumbu zake hazikupotea, na watafiti kama Douglas Sheil walirudi miaka ya 1990 na kuifuata miti ileile, mmoja baada ya mwingine.

Kurudi kuna masharti yake madogo madogo ambayo huamua kila kitu. Kila shina lazima liwe na kibati cha aluminiamu chenye namba. Mahali pa kupimia, kwa kawaida mita 1.3 kutoka ardhini, pachorwe mstari wa rangi, na kwa miti yenye mizizi mipana iliyopanda shinani, ipimwe juu ya mizizi hiyo na urefu uandikwe. Vinginevyo timu ya pili itapima sentimita 20 chini zaidi na kuripoti mti uliokua ghafla bila kukua. Pembe za ploti ziwe na vyuma au mawe, kwa sababu kamba huoza na nukta ya GPS chini ya majani mazito huweza kukosea kwa mita nyingi. Nimeona mara nyingi miradi ikitumia fedha nyingi kwa kipimo cha kwanza, kisha ikamalizika bila mtu kujua vibati viko wapi wala daftari liko kwa nani. Kipimo kimoja kisichorudiwa katika ploti iliyosajiliwa kuwa ya kudumu ni hasara maradufu, kwa sababu kinatupa picha iliyoganda ya kitu ambacho thamani yake yote iko katika mwendo.

Wapo watakaosema kwamba maotea ni kelele: miche hufa kwa maelfu, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame havilingani, na mwaka ambao mtambara umezaa sana utadanganya kila mtu. Wana hoja. Tangu mwaka 1970 na 1971, Daniel Janzen na Joseph Connell, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kwamba mbegu na miche iliyo karibu na mzazi huandamwa na wadudu na magonjwa ya mzazi huyo, hivyo wingi wa miche chini ya mti hausemi ni mingapi itaishi. Jibu langu ni kutoipa miche ya mwaka mmoja uzito isiostahili, na kuelekeza nguvu kwa vijiti vya kipenyo cha sentimita 1 hadi 5. Hivyo vimekwisha kupita kwenye kifo kikubwa cha mwanzo, vimedumu miaka kadhaa ya ukame na mvua, idadi yake haibadiliki kwa msimu mmoja, na majani yake mara nyingi yameanza kukaribia ya wazazi. Hilo ndilo tabaka la kupanuliwa eneo lake. Duara la nusu kipenyo cha mita 5 badala ya mita 1 lingeongeza eneo mara 25, na hata lingefanyika katika ploti za misitu ya milimani na ya pwani pekee, ambamo spishi za pekee zimejazana, gharama ingekuwa sehemu ndogo ya zoezi zima la taifa.

Jambo hili lina haraka sasa kuliko lilivyokuwa miaka 20 iliyopita, kwa sababu ya fedha za kaboni. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zilipotolewa Tanzania mwaka 2022, makampuni, wilaya na vijiji vingi vimeelekeza macho huko, na mfano wa vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vilivyojenga huduma za jamii kwa mapato hayo, unatia moyo kweli. Lakini kaboni hulipwa kwa uzito, na uzito umo katika miti mikubwa. Msitu uliopoteza hondohondo wake, panya buku wake na ndege wadogo wa chini unaweza kuendelea kulipwa vizuri kwa muda mrefu sana, kwa kuwa miti iliyokwisha kuota haihitaji ndege ili iwe na uzito. Mkataba wa miaka 30 utamalizika kabla pengo halijaonekana kileleni. Watakaolikuta ni wajukuu wa wanakijiji waliotia saini. Nadhani ni haki yao kwamba kila mkataba wa aina hiyo katika msitu wa asili uwe na kipengele cha maotea: spishi gani za asili zina vijiti vya sentimita 1 hadi 5, wangapi kwa hekta, na mwelekeo wao ukoje kati ya kipimo na kipimo.

Swali hilohilo linafaa kuulizwa upande wa pili wa mpaka, katika Vilima vya Taita nchini Kenya, ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, ambako msitu umebaki vipande vipande, na vingi ni vidogo kama vile vilivyoonyesha upungufu mkubwa Usambara. Upandaji wa miti ya asili unaofanywa huko na vikundi vya wananchi ni mzuri, ila utafanikiwa zaidi ukiongozwa na orodha ya spishi ambazo zimeshindwa kujirudisha zenyewe, badala ya orodha ya zile ambazo mbegu zake ni rahisi kuziotesha kwenye kitalu.

Kuhusu utekelezaji, ningependa mambo mawili yaandikwe katika mpango wa usimamizi wa kila hifadhi ya mazingira asilia, kuanzia Amani na Nilo. La kwanza ni fungu la fedha la kurudia kipimo katika mwaka wa 5 na wa 10, litengwe siku ile ile fungu la kipimo cha kwanza linapotengwa, na nakala ya daftari ibaki katika ofisi ya kijiji kinachopakana na ploti. La pili ni ajira ya kudumu, yenye cheo na mshahara, kwa watambuzi wa mimea wa vijijini, kila mmoja akiwa na kijana mmoja anayefundishwa naye ndani ya ploti hizohizo, ili timu itakayorudi baada ya miaka 10 iwe na mtu anayeweza kulishika jani la mche na kulitaja jina lake.